Ukipiga Kanda Ile, Weka Maji

Mume wangu Shuriye ana ugonjwa ambao daktari wa Isiolo hawezi kuutibu: hawezi kusikia wimbo mpya akatulia nao. Mtu mwingine akitoka safari na lori lake huingia nyumbani, akatoa salamu, akaoga, akauliza habari za watoto. Yeye anaruka chini hata injini haijapoa, kanda mkononi, na kuniambia niache ninachofanya nisikilize. Niwe napima sukari, niwe na mteja, niwe jikoni moshi umenijaa machoni, haidhuru. Sahro, sikiza hii. Wallahi nimesikiza. Katika ndoa hii nimeunguza wali mwingi kwa sababu ya kusikiza.

Afadhali angekuwa peke yake. Kwenye veranda ya duka letu ameketi Kawira, Mmeru, fundi wa kushona nguo, ambaye huimba kwaya kanisani, na mguu wake ukikanyaga cherehani mdomo nao unaimba. Ng'ambo ya barabara yuko Lotukoi, Mturkana wa kuziba pancha. Huyo hawezi kushika ringi ya gari bila kuigonga kwanza asikie inasema nini. Na Shuriye mwenyewe anapiga kaban, lile gambusi la kwetu Wasomali. Mwaka alioinunua kule Mogadishu nilikuwa nimemwagiza godoro.

Basi kila Jumapili alasiri, Kawira akishatoka kanisani na Shuriye akiwa hayuko safarini, wanajazana stoo kwangu nyuma ya duka, kati ya magunia ya maharagwe. Sheria ni moja. Kila mtu analeta kitu alichokisikia wiki ile, anakipiga au anakiimba, na wengine wananyamaza mpaka mwisho. Halafu ndiyo kelele. Kawira ataleta sauti mpya ya kwaya kutoka huko kwao juu mlimani. Lotukoi ataleta gita la Zaire alilolisikia katika baa fulani, na ataapa kwamba aliingia humo kuziba pancha tu. Shuriye ataleta kanda aliyoipata kwa dereva mwenzake Moyale, imerekodiwa juu ya nyingine mpaka mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Kisha wanaanza kuchanganya. Gita la Zaire linatiwa ndani ya kwaya ya Kimeru, kaban inapita katikati, na ringi ya lori la Bedford inagongwa bila huruma.

Mimi siimbi. Sauti yangu ni ya kufukuza mbuzi. Kazi yangu ni kubonyeza mtambo wa kurekodi, kusema hii ndiyo na hii siyo, na kupika chai, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuleta majani. Kuna siku inatoka takataka, na ninawaambia ni takataka. Kuna siku kinatoka kitu mpaka chai inapoa mkononi na hakuna anayekumbuka kuinywa. Nawalalamikia sana, na wanastahili. Lakini nikisema sikuwa naingoja Jumapili tangu Jumatatu, nitakuwa mwongo.

Haya ninayosimulia yalitokea mwaka wa themanini na tano, mvua ilipokuwa imerudi baada ya ule mwaka wa njaa, wa unga wa njano wa msaada. Kila mtu wa Isiolo anaukumbuka. Ng'ombe walikufa mpaka fisi wakachagua.

Nyuma yetu, hapo hapo mtaani Kiwanjani, anakaa Bisharo, Mborana, jirani yangu wa miaka. Maziwa aliyonywa binti yangu Istar akiwa mtoto yalitoka kwa ng'ombe wa Bisharo. Sasa asubuhi moja alikuja dukani bila chupa, bila kibuyu, mikono mitupu, akaketi juu ya gunia langu. Nikamwuliza kulikoni. Akaniambia ni mzee wake, Umuro.

Nilijua nusu ya habari. Wakati wa kiangazi Umuro aliwapeleka ng'ombe wake upande wa Leparua kutafuta majani, wakaanguka mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki na ng'ombe jike mmoja wa kahawia, Magala, aliyekuwa akiongoza kundi lote. Asubuhi moja huyo naye hakuwapo. Alimtafuta porini mpaka miguu ikavimba, akakata shauri kwamba fisi wamemmaliza, akarudi nyumbani na fimbo tu. Hiyo nusu nyingine sikuijua. Tangu siku hiyo anaketi ameutazama ukuta. Ukimsalimia anatikisa kichwa. Hajamweleza mtu yaliyompata, si msikitini, si kwa wazee wenzake, hata ndugu zake wameyasikia kwa Bisharo. Chakula anakula kama anayemfanyia mwenye nyumba hisani.

"Mama Istar," Bisharo akaniambia, "mzee wangu anakufa akiwa ameketi. Nyinyi watu mna mambo ya nyimbo. Nirudishie sauti yake."

Mwanamke huyu hajawahi kuniomba hata kiberiti. Leo ananiomba sauti ya mtu. Nikasema sawa, kisha nikakaa siku nzima nimejikasirikia, maana mtu hujibuje sawa kwa jambo kama hilo?

Aliyekuja kwangu hakukosea njia, lakini. Umuro hakuwa mtu wa kuimba hivi hivi. Kule kwenye visima vya Waborana, ndani ya mchanga karibu na Gotu, maji yakizama chini wanaume husimama mmoja juu ya mwingine kutoka chini mpaka juu, ndoo inapita mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaoipanga mikono. Mmoja anatangulia, wengine wanaitikia. Na ng'ombe nao wanaujua wimbo wa kisima chao. Visima vingine vinaweza kuwa vinapiga kelele pande zote, hawajali, lakini wakiusikia ule wao wanajua zamu imefika na wanakuja wenyewe bila fimbo. Umuro ndiye aliyekuwa akitangulia. Watu walisema akikohoa tu, ng'ombe wanageuza masikio.

Jumapili hiyo nikawaambia watu wangu. Sikumaliza hata kusema, Shuriye ameshachukua kaban ameiweka begani. Tukaenda wote kwa Umuro, tukaketi uani, wakampigia kitu chao kizuri kuliko vyote, na Shuriye akamwomba kwa adabu aje Jumapili inayofuata atuimbie wimbo wa kisima, tumwitikie. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Nikaona Bisharo ameushika mlango kwa mikono miwili.

"Wimbo wa maji ni ahadi," Umuro akasema. "Ukiuimba, ng'ombe anajua maji yapo. Mimi sina ng'ombe, sina kisima. Nimwahidi nani?"

Akaugeukia ukuta wake. Bisharo alitusindikiza mpaka nje akatuambia hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoyasema tangu Leparua. Tukashika njia ya kurudi. Lotukoi, ambaye ni mwana wa wafugaji naye, akasema mzee ana haki na jambo hilo si la kuchezea. Kawira akasema tumwache kwanza, atarudi mwenyewe. Shuriye hakusema kitu, na Shuriye akinyamaza ujue kuna jambo linapikwa.

Jumapili iliyofuata akaja na kanda imejaa vumbi, aliyoitoa chini ya kiti cha lori. Miaka ya nyuma lori lilimzamia mchangani karibu na Gotu, na kwa vile mtu huyu hana haya, alikwenda visimani na mtambo wake akarekodi. Alikuwa amesahau kabisa mpaka tulipotoka kwa Umuro. Akabonyeza. Upepo, ndoo, ng'ombe wakikoroma, halafu sauti ikapanda kutoka chini ya ardhi, ya mtu mwenye nguvu zake na mali yake. Ilikuwa ya Umuro.

Nikamwambia azime, mwenyewe amekataa. Ati Shuriye akanijibu kwamba mzee amekataa kuimba, na hapa alikuwa ameshaimba. Mtu huyu alizaliwa kuwa wakili, lori limempoteza.

Ningeuzima mtambo mwenyewe. Mkono niliunyoosha kabisa. Lakini wimbo ukaendelea, nami nikasema acha wafike mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari waitikiaji wakaingia, na baada ya hapo hakuna aliyeuzima. Lotukoi akaanza kugonga ringi polepole, kwa mwendo wa ndoo. Kawira akaitikia, akakosea, akarudia. Alikwenda mpaka kwa Bisharo kuuliza maneno yana maana gani, akarudi akasema mzee anamwita ng'ombe kwa rangi yake, anamwambia maji ni baridi, njia imenyooka, zamu ni yake. Wakayafundishana, Mmeru na Mturkana, maneno ya Kiborana yakitafunwa vibaya mno. Shuriye akatafuta pa kuingiza kaban, akakosa, akakosa tena, kisha akapata. Tukaweka mitambo miwili, mmoja ukipiga ile ya zamani na mwingine ukirekodi yote pamoja. Niliangalia mkanda ukizunguka na machozi yananitoka, wala si ya moshi.

Ilipokwisha niliwaambia hii ndiyo. Kisha nikawaambia haitoki stoo. Kwanza aisikie Bisharo, yeye ndiye atajua namna ya kumwambia mumewe. Wote wakaahidi. Shuriye akaahidi kwa jina la mama yake mzazi, na mama yake namheshimu, ndiyo sababu nilimwamini.

Siku ya mnada ikafika. Isiolo siku ya mnada haina nafasi hata ya kutema mate: wachuuzi, mbuzi, ngamia, ng'ombe wakipitishwa hapo hapo mbele ya duka kwenda sokoni, vumbi limeshika anga. Nilikuwa ndani napimia mama mmoja maharagwe, nikamsikia Umuro anaimba barabarani.

Nilidhani ni kichwa changu. Halafu nikaisikia kaban.

Nilitoka na kikombe cha kupimia mkononi. Shuriye yuko juu ya lori, amefunga ile spika ya tarumbeta anayoitia abiria wa Marsabit, ameiunganisha na betri ya gari, na uso wake umejaa furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Aliniona akaniashiria nisikilize. Ati nisikilize! Baadaye alijitetea kwamba kitu kizuri hakifichwi, na kwamba alitaka mzee asikie watu wakimsifu. Tumekaa mji wa wafugaji maisha yetu yote, watoto wadogo hapa wanajua wimbo wa kisima ni wa nini, na mtu mzima anapanda juu ya lori siku ya mnada anaupiga kwa spika.

Ng'ombe hawakuchelewa. Wa kwanza kusimama walikuwa wale waliokuwa wakipita, wakazuia barabara, wachungaji wakawapiga, wakazidi kuchanganyikiwa. Mbuzi wa nani sijui wakaingia chini ya meza ya Kawira, cherehani ikaanguka, na gauni la harusi la watu likaburutwa mpaka kwenye mtaro. Fahali mmoja akapanda veranda akaumwaga mtama wangu. Lotukoi alisimama katikati amenyoosha mikono anazuia ng'ombe na anamtukana Shuriye kwa lugha tatu. Mimi nilitumia moja tu, lakini niliitumia vizuri.

Watu wakavuta mali yao, kila mtu na yake. Vumbi likashuka kidogo. Hapo ndipo tukaona mmoja hakuondoka.

Alikuwa jike wa kahawia, mifupa imemtoka, pembe moja imeinama. Alitoka kwenye mstari upande ule wa mbali, akakata barabara taratibu, akaja kusimama chini ya ile spika, ameinua kichwa. Mwenye kumpeleka sokoni, Dabaso, Mborana wa ukoo mwingine, alimpiga fimbo, akamvuta mkia, wapi. Alikuwa akisikiliza. Wimbo ulipokwisha na kanda ikabaki inakwaruza, akanusa bati la lori, akanusa chini, akalia. Nimesikia ng'ombe wengi wakilia. Huyu alilia kama anayeuliza.

Nilitaka ardhi inimeze. Tumemwita, naye amekuja, na hatuna kitu.

Umati ukagawanyika. Umuro alikuja bila viatu, bila kofia, fimbo mkononi, Bisharo nyuma yake anamshika shuka. Kwa mwendo ule nilijua ile fimbo ni ya Shuriye, na haki ya Mungu nisingemzuia. Akafika karibu na lori, akainua macho, akaona ng'ombe. Alisimama. Ng'ombe alimtazama naye. Mzee hakulia wala hakuita jina. Akanigeukia mimi, si Shuriye, mimi.

"Maji yako wapi?" akaniuliza.

Nilikimbia. Mfereji wa Kiwanjani siku hiyo ulikuwa unatoa upepo, kama kawaida yake, kwa hiyo nikachukua maji ya pipa, ya kupikia, ya kuoga, ya kila kitu, nikayamwaga kwenye karai kubwa mpaka chini ya pipa ikaonekana. Kawira akaleta jerikeni lake. Tukaliweka karai mbele ya yule ng'ombe. Akainamisha kichwa, akanusa, akarudi nyuma. Sijui ni harufu ya mafuta ya taa, sijui ni watu. Nikalisogeza karibu, akarudi nyuma tena. Ulimi wake ulikuwa mkavu unaonekana.

Shuriye, mjanja wetu, akairudisha kanda mwanzo, akabonyeza tena. Ng'ombe akainua masikio kwa spika, lakini karai hakuligusa.

"Zima," akasema Umuro. Shuriye akazima, na nashukuru kwamba alizima bila kuambiwa mara ya pili. "Umemwita ukamdanganya. Asipokunywa leo hataamini tena."

Basi mwenyewe ndiye aliyebaki, na sote tulilijua hilo, naye alilijua. Aliegemea fimbo. Nilimwona Bisharo amefumba macho. Kisha Umuro akafungua kinywa.

Sauti ilitoka mbaya. Ilikuwa na kutu, ilikatika katikati ya mstari wa kwanza, si ile ya kwenye kanda hata kidogo. Alimwita kwa rangi yake, akamwambia maji ni baridi. Akafika mwisho wa mstari akasimama, maana wimbo ule hauimbwi na mtu mmoja. Pale lazima waitikie walio chini kisimani. Nani aitikie? Wale waliokuwa wakisimama naye wametawanyika na kiangazi, wengine wako kaburini. Nikaona mzee anaanza kugeuka.

Lotukoi akaitikia. Mturkana, mikono myeusi kwa gurudumu, alipokea pale pale panapopokelewa, na maneno aliyatafuna vile vile kama Jumapili. Kawira akaingia juu yake kwa sauti ya kanisani. Umuro aligeuka akawatazama hao wawili kwa namna ambayo siwezi kueleza, kama mtu aliyepigiwa hodi na ukuta. Akaimba mstari wa pili, na safari hii haukukatika. Wakaitikia tena. Bisharo akaingia. Kisha kutoka nyuma ya ng'ombe nikasikia sauti nene ya mtu anayeyajua maneno sawasawa, nikatazama, ni Dabaso, fimbo ameishusha. Na mimi, Sahro, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi, nikajikuta nimefungua mdomo. Hakuna aliyenicheka. Shuriye alikuwa juu ya lori, mtambo uko karibu na mkono wake, lakini hakurekodi. Huyo ndiye mume niliyeolewa naye, na siku hiyo nilimsamehe godoro.

Magala akasogea. Akainamisha kichwa kwenye karai langu, akapuliza juu ya maji, akanywa. Alikunywa mpaka karai likasikika linakwaruzwa na ulimi, na Umuro hakuacha kuimba mpaka alipoinua kichwa.

Baada ya hapo ilikuwa kesi, kwa maana Dabaso hakuwa mwizi. Alimwokota porini upande wa Leparua akiwa hoi, akamlisha katika ukame ule ambapo hata watoto walikosa, akatangaza visimani kote kwamba ana ng'ombe wa kahawia wa alama hii ya sikio, mwenyewe ajitokeze. Hakujitokeza mtu, ndipo akampeleka mnadani. Angejitokezaje, wakati mwenyewe ameketi Kiwanjani anautazama ukuta na huko visimani hakuna anayejua amepoteza nini? Hilo nililisema kwa sauti, na Bisharo alinikanyaga mguu, lakini nililisema. Mzee angefungua mdomo mara moja tu msikitini, ng'ombe angerudi zamani.

Umuro hakukasirika. Alisema mama Istar amesema kweli. Wazee waliokuja mnadani wakaketi pale pale kwenye veranda, juu ya mtama wangu uliomwagika, wakaangalia sikio, wakakubaliana: ng'ombe arudi kwa Umuro, na ndama wake wa kwanza awe wa Dabaso kwa kumweka hai. Wakashikana mikono. Halafu Umuro akamtazama Lotukoi kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Nimezeeka," akasema, "nikaona Mturkana anaita ng'ombe wa Mborana, na ng'ombe anarudi kwa mwenyewe."

Lotukoi, ambaye watu wake na Waborana huibiana ng'ombe tangu zamani, ndiye aliyecheka kwanza, kisha barabara nzima. Bisharo hakucheka. Alifunika uso kwa mtandio wake, kwa sababu mume wake alikuwa amefanya utani.

Nilidhani yameisha. Shuriye aliteremka na ile kanda akampa mzee kwa mikono miwili, aichome akitaka. Umuro aliigeuza geuza, akaomba aisikie yote, kwa sauti ya chini, ndani ya stoo. Akasikiliza. Akasema kaban inaingia mapema, ingoje mpaka ndoo ifike juu. Akasema ringi ni nzuri. Kisha akatoa masharti.

"Sitawanyima kanda hii," akasema. "Lakini kila ikipigwa, maji yawe mlangoni. Hata kama hamuoni ng'ombe. Hujui nani anasikia."

Wenzangu wakaitikia haraka sana, ndiyo mzee, sawa mzee. Wanaume hawachoti, na Kawira saa hizo yuko kanisani. Na kwa kuwa kila Jumapili lazima waipige kanda ile, na kwa kuwa mfereji wetu bado unatoa upepo, mtu anayekwenda kupanga foleni ya maji na jerikeni adhuhuri ya Jumapili ni mimi. Karai linajazwa mpaka juu, linawekwa mlangoni. Kuku wanakunywa. Mbuzi wa jirani wamezoea, wanafika kabla ya Kawira. Mara moja ngamia wa mtu alipita akalimaliza lote kwa pumzi moja, na Shuriye akasema unaona, alisikia. Nilimjibu, lakini jibu lenyewe siliandiki hapa.

Na Umuro sasa haachi. Jumapili yeye ndiye wa kwanza kufika, anakaa juu ya gunia langu zuri, anataka kila mtu aanze upya. Ati Kawira anaimba kwa pua. Lotukoi anaharakisha. Ile ya Zaire ina kelele nyingi lakini mkono wa kushoto wa mpiga gita una akili. Ameleta nyimbo za watoto wachunga ndama, ameleta nyimbo za kuhama, wiki hii ameleta moja ya kumbembeleza ng'ombe aliyefiwa na mwanawe, na Shuriye amekosa usingizi akitafuta pa kuiingizia kaban.

Magala alizaa. Ndama alikwenda kwa Dabaso alipoachishwa, kama walivyosema. Jumapili iliyopita asubuhi Bisharo alikuja dukani na chupa ya maziwa, akaiweka mezani, akaketi pale pale alipoketi siku ile.

"Mama Istar," akaniambia, "nilikuomba sauti ya mzee, ukanirudishia. Mungu akulipe."

Nikasema amina.

"Sasa ichukue kidogo. Walau alfajiri tu, nilale."

Tulicheka mpaka mteja akaondoka. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akanieleza kwamba mzee anamwimbia Magala kila siku, zizi liko hapo hapo mlangoni na maji yako hapo hapo, hahitaji kumwita. Alimwuliza kwa nini anajisumbua. Mzee akamjibu kwamba anamwambia tu kuwa maji bado yapo.

Bisharo akainuka akaenda zake. Nami nikachukua jerikeni nikaenda foleni, kwa sababu ilikuwa Jumapili.